Gari Hili ni la Mwaka Gani?

Askari wa barabara kuu alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu la mbele, tochi mkononi, akitafuta namba kwenye bomba la chesisi, aliponiuliza swali ambalo kwa gari lolote lingine hujibiwa kwa neno moja: "Gari hili ni la mwaka gani?" Nilifungua kinywa, nikakifunga. Chesisi ilitoka kiwandani mwaka 2011. Injini, Ford ya lita 5 yenye silinda nane, ilitoka kwenye Mustang ya mwaka 1989 iliyogongwa ubavuni na kuishia kwenye uwanja wa magari mabovu. Bodi ya faiba imefuata umbo la gari la michezo liitwalo Cobra, la mwaka 1965, kuanzia mdomo wake mpana hadi mabomba ya ekzosi yanayopita chini ya milango. Na gari lenyewe lilijiendesha kwa mara ya kwanza mwaka 2018, kwenye kijia cha kuingilia nyumbani kwangu hapa California, mita ishirini kwenda na mita ishirini kurudi, kisha nikalifungia gerejini kwa sababu breki zilikuwa bado hazijatolewa upepo.

Nilimjibu kwamba swali hilo ndilo lililonileta kwake. Hakucheka, ila alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia jibu la namna hiyo, akaendelea kumulika.

Nimekulia Mombasa, na mjomba wangu alikuwa fundi wa kuunda bodi za matatu juu ya chesisi za lori. Kwa hiyo wazo la gari lililozaliwa mara mbili halikuwa geni kwangu. Lori lilifika likiwa na injini, usukani na fremu tupu, likatoka likiwa na viti, madirisha na rangi za kuumiza macho, lakini karakana nzima ilijua kwamba gari ni ile namba iliyogongwa kwenye chuma cha chesisi. Bodi ilikuwa nguo tu. Mjomba alikuwa akiisugua namba hiyo kwa msasa mwembamba na kuipaka grisi kabla ya kuanza kazi, ili isije ikafunikwa na rangi au ikaliwa na kutu. Nilipohamia Marekani na kuanza kuhangaika na gari la kuunganisha mwenyewe, nilikuja na imani hiyo ya mjomba, na iliniponza, kwa kuwa huku sheria yenyewe haijaamua kama gari ni chesisi, bodi, injini au siku lilipokamilika. Kila jimbo limejichagulia.

Nieleze kwanza kwa nini mambo yako hivyo. Serikali ya shirikisho mjini Washington hutunga masharti ya usalama na ya moshi kwa mtu anayetengeneza magari na kuyauza yakiwa mapya. Hati ya umiliki na namba za usajili hutolewa na jimbo. Katikati ya mamlaka hizo mbili pamebaki mwanya, na biashara nzima ya magari ya kuunganisha imejijenga humo: kampuni ikiuza fremu, bodi, nyaya na bolti bila injini wala gia boksi, basi haijauza gari, imeuza vipuri, na anayekuja kuunda gari ni mnunuzi mwenyewe nyumbani kwake. Factory Five Racing, kampuni iliyoanzishwa na ndugu wawili mwaka 1995 na yenye makao yake Wareham, Massachusetts, imeishi kwa mwanya huo, na chesisi yangu ni ya kwao. Wengine huenda hatua moja mbele. Magari ya Superformance huundwa Afrika Kusini, katika mji wa Port Elizabeth ambao sasa huitwa Gqeberha, na ya Backdraft huundwa Durban. Hufika Marekani yakiwa yamepakwa rangi, yameshonwa viti na kufungwa hadi taa, ila boniti ukiifunua unakuta shimo tupu. Injini hufungwa baada ya gari kununuliwa. Mtu asiyejua habari hii angeona ni kichekesho, kusafirisha gari zima kuvuka Atlantiki bila moyo wake, lakini huo moyo ndio ambao ungelifanya liwe gari mbele ya sheria.

Kwa nini Cobra kuliko magari mengine yote? Kwa sababu Cobra za asili, zile zilizotokana na Carroll Shelby kuchukua gari dogo la kampuni ya AC ya Uingereza mwaka 1962 na kulitia injini ya Ford ya silinda nane, zilikuwa takriban elfu moja tu, na leo bei yake ni ya matajiri. Wengi wetu tutaishia kuendesha kivuli chake. Sioni aibu kusema hivyo, na nadhani aibu ndiyo inayowatumbukiza wengine kwenye makosa nitakayoyataja mbele.

Mwaka 2015 Bunge la Marekani lilijaribu kuuziba mwanya kwa njia ya heshima. Sheria iliyotiwa saini Desemba mwaka huo iliruhusu kampuni ndogo, zisizozalisha zaidi ya magari 5,000 kwa mwaka duniani kote, kuuza magari ya nakala yaliyokamilika, injini ikiwemo, hadi 325 kila mwaka, mradi gari lifanane na lile lililotengenezwa angalau miaka 25 iliyopita na injini yake itimize masharti ya moshi ya sasa. Mamlaka ya usalama barabarani ilipaswa kutoa kanuni za utekelezaji ndani ya mwaka mmoja. Hazikutoka. Chama cha wafanyabiashara wa vipuri na magari maalumu, SEMA, kilikwenda mahakamani mwaka 2019, na kanuni zikachapishwa rasmi mwaka 2022. Kwa mtu wa gereji kama mimi sheria hiyo haikubadilisha kitu, kwa kuwa inamhusu anayenunua gari zima. Sisi wenye spana tulibaki na majimbo yetu.

SEMA hiyohiyo ndiyo iliyoandika mswada wa mfano ambao majimbo mengi yameuchukua, baadhi mzima na baadhi vipandevipande. Mswada huo hugawa magari mafungu mawili: yale yaliyotengenezwa, au yanayofanana na yaliyotengenezwa, kabla ya mwaka 1949, na yale ya baada ya mwaka 1948 ambayo yana angalau miaka 25. Gari la kuunganisha huandikwa mwaka wa lile linalofanana nalo. Kwa hesabu hiyo Cobra yangu ni ya mwaka 1965, haina haja ya vifaa ambavyo gari la mwaka huo halikuwa navyo, na yote yamekwisha. Malipo yake ni kwamba mwenye gari hukubali kulitumia kwa matembezi, maonyesho na maandamano ya vilabu, na si la kumpeleka kazini kila siku na mvua na jua. Naona ni biashara ya haki, ingawa sijapata kumwona askari anayesimamisha Cobra asubuhi ya Jumatatu kumuuliza dereva kama anakwenda kazini au anatembea.

Lakini si kila jimbo linafuata njia hiyo, na hata yanayoifuata yana milango yake. Arizona ina ukaguzi wa ngazi tatu, na gari lililoundwa nyumbani hupelekwa ngazi ya juu, kwa maofisa wa jimbo wenyewe. Pennsylvania hutaka gari lipigwe picha na likaguliwe kwenye gereji iliyopewa kibali maalumu cha kukagua magari yaliyojengwa upya, ambayo si kila gereji ya mtaani. Jimbo la Washington hupeleka gari kwa polisi wake, nao husoma risiti za vipuri moja moja, lakini tangu Januari 2020 haipimi tena moshi wa gari lolote. Massachusetts, ambako ndiko fremu hizi hutoka kwa malori kila wiki, haikuwa na sheria mahususi ya magari haya hadi mwaka 2012, hivyo kwa miaka mingi mtu wa Wareham angeweza kuliona gari likiundwa ng'ambo ya barabara na asijue atalisajilije.

California ndiyo niijuayo kwa jasho. Huku gari la aina hii huandikwa SPCNS mahali ambapo wengine huandika Toyota au Ford, kifupisho chenye maana ya gari lililoundwa kipekee. Kikawaida gari hilo huhesabiwa jipya, na gari jipya la California linapaswa kutoa moshi safi kama wa magari yanayotoka kiwandani leo, jambo ambalo injini ya mwaka 1989 haiwezi hata ukiiombea dua. Ziko injini zinazouzwa mpya zikiwa na vifaa vyote vya moshi na kibali cha jimbo, kama ile ya E-Rod ya General Motors, lakini bei yake ilizidi ya injini yangu, gia boksi yangu na tairi zangu zote kwa pamoja.

Njia ya pili ilifunguliwa na sheria iliyopitishwa mwaka 2001, ambayo wenyewe huiita kwa namba ya mswada wake, SB 100. Kila mwaka wa kalenda, magari 500 ya kwanza kuomba hupewa cheti cha foleni, na mwenye cheti hicho ana haki ya kuchagua: moshi wa gari lake upimwe kwa kanuni za mwaka wa injini, au kwa kanuni za mwaka wa gari ambalo bodi inafanana nalo. Bodi isiyofanana na kitu chochote kilichowahi kutengenezwa huhesabiwa ya mwaka 1960, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu niliposoma, maana mtu anaweza kuchora chombo kama cha kwenda mwezini na jimbo likamwambia kimezaliwa kabla ya Kenya kupata uhuru. Faida ya kuchagua bodi ni kubwa. Magari ya mwaka 1975 na ya kabla yake hayapimwi moshi California, ilhali injini ya mwaka 1989 ingenirudisha kwenye kipimo kila baada ya miaka miwili nikiwa na vifaa ambavyo Mustang ile ilishapoteza.

Ndiyo maana siku ya kwanza ya kazi ya Januari 2019 nilikuwa nje ya ofisi ya idara ya magari kabla ya jua kuchomoza, nikiwa na chupa ya chai ya tangawizi na faili lenye unene wa msahafu. Mbele yangu walikuwa watu watatu, wote wazee, wote na mafaili. Mmoja alikuja kwa ajili ya gari la mwaka 1932 ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, halikuwa na hata skrubu moja ya mwaka 1932. Tulionyeshana picha kwenye simu kama watu wanaoonyeshana wajukuu.

Faili ndilo gari. Nalisema hili kwa sababu nilikaribia kushindwa kwalo, na kosa lilikuwa langu. Cheti cha asili cha fremu na bodi nilikuwa nacho, kimechapwa kwenye karatasi ngumu kama noti. Risiti za redieta, tangi la mafuta, taa, vioo na mikanda ziko zote, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Lakini injini nilikuwa nimenunua kwa pesa taslimu, nikaipakia kwenye pikapu ya rafiki, nikapeana mkono na muuzaji na kuondoka nikiimba. Bila karatasi, injini ni bidhaa ya wizi hadi uthibitishe vinginevyo. Nilirudi kwenye ule uwanja wiki mbili kabla ya Januari, nikamkuta mwenye mali bado yupo, na kwa subira ambayo sikuistahili alinitolea bili ya mauzo yenye namba ya injini na namba ya ile Mustang ilimotoka. Angekuwa amefunga biashara, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Ukishapata cheti cha foleni, kazi ndiyo kwanza inaanza. Wakati wangu kulikuwa na cheti cha breki na taa. Kuna tamko la uundaji, fomu ambayo unaapa ni sehemu gani ilitoka wapi na gari lina thamani gani, kazi ya mikono yako ikihesabiwa humo, na kodi hukatwa kwa thamani hiyo. Kuna watu huandika hapo bei ya baiskeli. Sikufanya hivyo, si kwa utakatifu, bali kwa sababu fomu hiyohiyo ndiyo kampuni ya bima itakayoisoma siku gari likigongwa.

Kisha kuna mwamuzi wa moshi. Huyu ni fundi aliyewekwa na jimbo kuamua kesi ambazo gereji za kawaida haziwezi, na niliingia kwake nikitetemeka kidogo. Alizunguka gari mara moja bila kusema neno. Akaleta kioo kidogo chenye mpini mrefu, kama cha daktari wa meno ila kikubwa zaidi, akakipitisha chini ya injini, akasoma namba zilizo kwenye chuma cha bloku na kuziandika. Akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama gari kwa mbali na kutazama karatasi yenye picha ya Cobra ya asili, akaniuliza ninachagua nini, bodi au injini. Nikasema bodi. Akaandika 1965, akabandika kibandiko kisichobanduka mahali pa kuonekana chini ya boniti, na kazi ikaisha kwa muda ambao ungetosha kunywa kikombe kimoja cha kahawa.

Kwa askari wa barabara kuu ndiko nilikoanzia makala hii. Alipata alichokuwa akikitafuta, namba ya mfululizo ya kampuni iliyogongwa kwenye bomba la mviringo la inchi nne, lakini namba hiyo si ile ya herufi na tarakimu 17 ambayo magari yote ya huku hubeba tangu modeli za mwaka 1981. Kwa hiyo gari lilipewa namba mpya ya jimbo, kwenye bati dogo, nalo likapigiliwa ribiti mbili. Nilisikia mlio wa ribiti ya kwanza, tak, nikamkumbuka mjomba na msasa wake. Namba iliyogongwa kiwandani haikutosha. Hii iliyokuja na ribiti ndiyo iliyokuwa gari.

Nimeeleza urefu wa safari hiyo ili nifike kwa wale wanaoikwepa. Wako wanaosajili kupitia kampuni ya jina tu waliyoifungua Montana, jimbo lisilo na kodi ya mauzo, hali wao wenyewe na gari wamelala Los Angeles. Kwa miaka mingi Vermont ilikuwa ikitoa usajili kwa posta kwa gari lililozidi miaka 15 la mtu yeyote wa jimbo lolote, bila hati ya umiliki, hadi mlango huo ulipofungwa mwaka 2023 kwa wasio wakazi. Na wako wabaya zaidi, wanaonunua hati ya gari la zamani lililokufa na kuivika nakala, ili karatasi isome "1965" bila neno la kuonyesha kwamba ni nakala. Huyo wa mwisho simwonei huruma. Gari la namna hiyo huuzwa kwa mtu wa tatu asiyejua, linahamia jimbo lingine, ofisa anapiga goti na tochi, na namba ya kwenye karatasi haipo popote kwenye chuma.

Shemeji yangu anakaa Houston, naye ameingiwa na tamaa ya magari ya ufukweni, yale ya bodi ya faiba juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyokatwa ikafupishwa, mtindo ulioanzishwa na Bruce Meyers huko California mwaka 1964 kwa gari lake la Manx. Texas na magari haya wana historia. Katikati ya miaka ya 2010 idara ya huko ilianza kuyakatalia hati, hata baadhi ya yaliyokuwa yamesajiliwa kwa miaka mingi, na ilibidi ipitishwe sheria mwaka 2021 ili yapate tena njia ya kuandikishwa. Kwa hiyo aliponipigia simu kusema amepata moja zuri la rangi ya chungwa, lenye hati ya Volkswagen ya mwaka 1968, nilimwambia asitoe hata senti moja kabla hajainua kiti cha nyuma.

Beetle ina namba yake ya chesisi imegongwa pale, juu ya lile tuta linalopita katikati ya sakafu, na kukatwa kwa sakafu kwa kawaida hakuigusi. Alinitumia picha. Kutu na rangi kuukuu vilikuwa vimekula nusu ya tarakimu. Mbili za kwanza, 11, zilionekana. Ya tatu, ambayo ndiyo inayotaja mwaka, ingeweza kuwa 8 na ingeweza kuwa 3, na hati ilisema 118. Alishikilia kwamba ni 8. Nikamwambia, shemeji, usibishane na kutu, chukua brashi ya waya uhesabu tu ziko tarakimu ngapi, kwa maana ya mwaka 1968 ina tisa, na kuanzia mwaka 1970 Volkswagen waliongeza moja zikawa kumi.

Nilimsikia akisugua. Nilimsikia pia mwenye gari kwa mbali akimwuliza kama kuna tatizo. Shemeji alihesabu kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili ili yule bwana asielewe, na baada ya tisa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumi."

Nikamwambia arudishe kiti, amshukuru mwenye gari, aende zake.